Risasi Isiyo na Mlio

Wasee, Kenya kuna risasi mbili. Ya kwanza mnaijua. Inalia, watu wanalala chini, kesho yake iko kwa habari. Ya pili hailii. Ni ile metali laini ya kijivu inayokaa ndani ya betri ya gari, ndani ya rangi za zamani za ukuta, na kwenye vumbi la mahali watu wanayeyusha vyuma kuukuu. Kiswahili kiliziita jina moja, na mimi naona hakikukosea.

Leo naongea juu ya hiyo ya pili. Usipite kwanza.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema, ndio usichome bando bure. Kipimo cha metali zenye sumu kinafaa kuwa kitu cha kawaida mtaani, kama kile kimashine cha sukari ambacho nyanya yako anajidunga nacho kidole asubuhi. Sayansi ya kukitengeneza iko. Mimi mwenyewe nimeigusa kwa mikono yangu chuoni. Kinachokosekana ni kuitoa kwenye karatasi za watafiti na kuileta mahali sumu iko, na hapo ndio nina maneno.

Tuanze Mombasa

Kama hujawahi kusikia Owino Uhuru, ni mtaa wa mabanda huko Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwake. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kwenye kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua. Homa, tumbo, hospitali, dawa za hiki, dawa za kile, hakuna kinachosaidia. Mpaka damu ilipopimwa risasi, ndipo ikajulikana mtoto anaumwa nini. Mama huyo aliacha kazi akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ndiyo ilikuwa ndefu. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikautupa uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, halafu ukumbuke kwamba watoto hawakusimama kukua wakingoja mawakili.

Lakini nataka uone kitu kimoja kwenye hiyo hadithi. Kabla ya kipimo kimoja cha damu, kulikuwa na mama mwenye mtoto mgonjwa na watu wanaomwambia labda ni malaria. Baada ya kipimo, kulikuwa na ushahidi. Namba moja ndogo ndiyo iliyogeuza "huyu mama analalamika tu" kuwa kesi.

Kwa nini huioni

Risasi kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mwili wenyewe unadanganyika: unaidhania ni kalsiamu, ile ya maziwa, unaikaribisha na kuipeleka mpaka kwenye mifupa, inakaa huko miaka na miaka. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili wake unaifyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Kwa maji ya kunywa, WHO inaweka mwongozo wa maikrogramu 10 kwa lita. Hiyo ni ngapi? Chukua matangi kumi, yale makubwa meusi ya lita 10,000. Weka gramu moja tu ya risasi, uisambaze kote sawasawa. Umefika kiwango. Gramu moja, matangi kumi. Sasa niambie ulimi gani utaonja hiyo.

Na ukichemsha hayo maji? Vijidudu vinakufa, lakini risasi inabaki pale pale. Tena maji yakipungua kwa mvuke, inakuwa nzito kidogo kuliko mwanzo.

Ule jamaa wa mashine ya maji

Kwenye ploti yetu alikuja jamaa, shati limepigwa pasi, begi mgongoni, anauza vichujio vya maji. Alikuwa na kikalamu chenye skrini ndogo. Akakichovya kwenye maji ya bomba, namba ikaruka juu. Akakichovya kwenye maji yake, namba ikashuka. Halafu akatoa kifaa kingine chenye vyuma vinne, akakiweka kwenye glasi zote mbili, akawasha umeme. Maji yetu yakageuka kahawia kama chai ya jana. Yake yakabaki meupe. Akina mama wakashika vichwa. "Hizo ni metali nzito mnakunywa," akasema.

Huo ni uongo mtupu, na ni uongo unaotumia kemia. Kile kikalamu kinapima jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka, nyingi zikiwa kalsiamu na sodiamu ambazo hazina noma. Kinahesabu kwa miligramu. Maikrogramu 10 za risasi ni sehemu ya mia ya miligramu moja, kwa hivyo maji yanaweza kuwa na risasi ya kutosha kumdhuru mtoto na kikalamu kikae kimya. Na ile rangi ya kahawia? Ni kutu. Vyuma vya kifaa chenyewe ndivyo vinavyoyeyuka umeme ukipita. Maji ya bomba yana chumvi, yanapitisha umeme, chuma kinaliwa. Maji yake hayana chumvi, umeme haupiti, hakuna kinachotokea.

Nililiongea pale pale, akakunja vitu vyake akaenda ploti ya pili. Lakini mama mmoja aliniuliza swali ambalo limekaa na mimi mpaka leo: "Sawa, huyu ni mwongo. Sasa cha ukweli kiko wapi?"

Cha ukweli kipo, mama. Na ajabu ni kwamba nacho ni vyuma kwenye glasi na umeme kidogo.

Matatu ya metali

Ngoja niieleze bila kukuchosha. Fikiria elektrodi ni matatu. Elektrodi ni kijiti tu au kikaratasi chenye alama ya kaboni iliyochapishwa, kinachopitisha umeme.

Kwanza unajaza gari. Unachovya elektrodi kwenye maji, unaiwekea volti hasi, tuseme 1.2 chini ya sifuri. Chembe za risasi ndani ya maji zina chaji chanya, kila moja imepungukiwa elektroni mbili. Zinavutwa kwenye elektrodi, zinapewa elektroni zao, zinageuka metali na kujibandika pale. Unangoja dakika chache. Hapa ndio ujanja wote uko: chembe zilizokuwa zimetawanyika kwenye maji mengi zinajikusanya kwenye kidoa kidogo. Ndiyo maana kifaa kinaweza kuona kitu kidogo hivyo.

Halafu gari linaondoka. Unapandisha volti polepole, na kila metali ina steji yake ya kushuka. Zinki inashuka kwanza, halafu kadimi, halafu risasi, halafu shaba. Hakuna anayeshukia kwa mwenzake. Na kila anayeshuka analipa: anaacha elektroni zake mbili, na mkondo wa umeme unaruka, unachora kilima kwenye grafu. Mahali kilima kilipo panakuambia nani ameshuka. Urefu wake unakuambia walikuwa wangapi.

Ni hivyo tu. Mashine kubwa za maabara zinazopima metali zinagharimu mamilioni ya shilingi, zinataka gesi maalum na fundi wa kuzilinda. Hii inaweza kuendeshwa na betri.

Tena si kitu kipya. Jaroslav Heyrovský, mkemia wa Prague, alianza kusoma kemia ya maji kwa umeme mwaka 1922 akitumia tone la zebaki kama elektrodi, na mwaka 1959 akapewa Nobeli. Zebaki ilifanya kazi poa sana, shida ni kwamba zebaki yenyewe ni sumu. Kwa miaka mingi watu walitafuta sumu kwa kutumia sumu. Mwaka 2000 ndipo Joseph Wang na wenzake walipoonyesha kwamba bismuthi inaweza kuchukua nafasi yake. Bismuthi hiyo hiyo iko kwenye dawa fulani za tumbo.

Nano inaingia wapi

Hapa ndio watu wa chuo wanapenda kujaza maneno makubwa. Mimi nitatumia chipsi.

Kiazi kizima ukikitia kwenye mafuta, mafuta yanagusa ngozi ya nje tu. Kikate chipsi, kiazi ni kile kile lakini sehemu inayoguswa imeongezeka. Endelea kukikata mpaka vipande viwe vya nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wako mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kaboni ikiwa hivyo, kwenye kidoa cha ukubwa wa kucha unapata viti vingi ajabu vya abiria wetu.

Sasa changanya. Grafini, ambayo ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, inaleta nafasi na kupitisha umeme haraka. Chembe ndogo za bismuthi zinashikana na risasi na kadimi vizuri. Ukitafuta arseniki au zebaki unaweka chembe za dhahabu, kwa sababu bismuthi ingeyeyuka kabla hizo hazijafika steji yao. Halafu unahitaji gundi ya kushika timu pamoja na kuzuia uchafu usipande gari. Wengine wanatumia plastiki inayoitwa Nafion, wengine kaitosani, inayotokana na maganda ya kamba wa baharini. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaitwa nanokompositi. Kila mchezaji ana namba yake mgongoni, na hakuna hata mmoja angeshinda mechi peke yake.

Mto si maji

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa huo. Nilisugua elektrodi kwa unga wa alumina mpaka ndoto zangu zikawa nyeupe. Nilipima risasi kwenye maji safi ya maabara, niliyoitia mwenyewe, na vilima vilikuwa vizuri kama vya Ngong. Vinapanda kwa mpangilio, mstari umenyooka.

Halafu nikaleta chupa ya maji kutoka Mto Nairobi. Risasi ile ile niliyoipima asubuhi nikaitia mle, na kilima kikaanguka karibu kuisha. Mwalimu wangu alicheka akasema, "Mto si maji. Mto ni supu."

Na ni kweli. Sabuni na mafuta vinajibandika kwenye elektrodi, viti vinajaa kabla abiria hajafika. Shaba ikiwa nyingi inagombania nafasi na risasi. Risasi nyingine imejificha kwenye matope, haijayeyuka, kwa hivyo haipandi gari kabisa. Ilibidi nitie asidi, nichemshe, nichuje, halafu nitumie njia ya kuongeza kiasi ninachokijua cha risasi kidogo kidogo nione kilima kinapanda kwa kiasi gani. Kilima kikarudi. Lakini siku nzima ilikuwa imeisha, na nilikuwa ndani ya maabara yenye sinki, umeme na mtu wa kuniuliza maswali. Mama wa ploti hana hivyo vitu.

Ndio maana nasema hivi, na wenzangu wa kemia wanaweza kukasirika. Tumekuwa na mashindano ya ajabu. Kila karatasi mpya inatangaza kwamba inaona kidogo zaidi kuliko ile ya jana. Lakini WHO inataka maikrogramu 10, na elektrodi nyingi zilishapita hapo kitambo. Kuendelea kushindana nani ataona chembe ndogo zaidi kwenye maji safi ni kama kununua gari la mbio halafu uishi mahali hakuna barabara. Maswali magumu ni mengine. Je, ukitengeneza vikaratasi mia, vyote mia vitatoa jibu moja? Vikikaa kwa kabati ya zahanati miezi sita, joto na vumbi, bado vitafanya kazi? Mhudumu wa afya wa mtaa anaweza kukitumia bila shahada? Hayo hayapati makofi mengi, lakini ndiyo yanayookoa mtoto.

Na si ndoto. Kuna kifaa cha Marekani kinaitwa LeadCare kinachopima risasi kwenye matone machache ya damu ya kidole kwa kanuni hii hii, na jibu linatoka kwa dakika tatu. Lakini hata hicho kina funzo. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba vipimo vya aina hiyo, vikitumiwa na damu iliyotolewa kwenye mshipa, vinaweza kutoa namba ya chini kuliko ukweli. Yaani mzazi anaambiwa mtoto yuko sawa kumbe hayuko. Kipimo cha uongo ni kibaya kuliko kutokuwa na kipimo. Kwa hivyo nikisema nataka kitu cha bei nafuu, sisemi kitu cha kubahatisha. Kikague, ukipime dhidi ya mashine kubwa, halafu ndio ukilete mtaani.

"Utanipea kazi gani?"

Sasa sehemu ngumu. Kuna watu wataniambia: sawa, umepima, halafu?

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya jalala la Dandora. Watoto 328 walichunguzwa, na karibu nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi ya maikrogramu 10 au zaidi kwa desilita, kiwango kilichokuwa kinahesabiwa kuwa cha hatari wakati huo. Jalala bado liko. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano wakati ule leo ana kitambulisho na anapiga kura.

Na si mbali na mimi. Anko wangu ni fundi wa betri. Anazifungua, anabadilisha sahani za ndani, anafunga, anauza. Ndizo zilinisomesha muhula ambao hela zilikuwa zimekatika nyumbani. Nilipomaliza mradi wangu nilimwambia, "Anko, si ukapimwe damu." Akaniangalia kwa muda, mikono yake myeusi kwenye magoti.

"Sasa ukinipima na upate iko, utanipea kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Ni rahisi kumlaumu fundi ukiwa umeshika simu inayokula betri. Lakini alinyamaza, akamwangalia kitinda mimba wake aliyekuwa anacheza na ovaroli yake, akasema, "Mpime huyu kwanza."

Tulienda. Hospitali ya kwanza hawakuwa na kipimo. Ya pili walichukua damu, wakasema itatumwa kwingine. Hii ni wiki ya tatu tunangoja. Dakika tatu zinawezekana duniani, na sisi tuko wiki ya tatu. Wakati huo wote anko ameanza kubadilisha nguo kazini na kuoga kabla ya kubeba mtoto, bila kuambiwa namba yoyote. Fikiria angefanya nini akipewa namba siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo jibu langu kwa "umepima, halafu?" ni hili. Namba haiponyi mtu. Owino Uhuru walikuwa na namba na bado walingoja mpaka 2024. Lakini bila namba hata foleni ya kungoja haupati. Na namba ya mara moja haitoshi, kwa sababu ripoti ya mara moja inazeeka ndani ya kabati. Ikipimwa kila mwezi, na wakazi wenyewe, na matokeo yakae kwao, hakuna ofisi itakayosema haikujua. Kenya tuliwahi kufanya kitu kikubwa: mwaka 2006 petroli yenye risasi iliondolewa sokoni. Hakuna aliyeona risasi ikitoka hewani. Vipimo ndivyo vilivyosema ilikuwa inaua, na sheria ikafuata.

Mpaka hivyo vikaratasi vifike mtaani, fanya unachoweza. Usivunje betri nyumbani wala usichome nyaya. Aliye na kazi ya vyuma avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani. Panguza vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kulifagia, na mtoto anawe mikono kabla ya kula. Mpe chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, ndengu, mboga za majani, omena, maziwa, kwa sababu mwili wenye njaa ya hayo unafyonza risasi zaidi. Na kama mnaishi karibu na wayeyushaji, uliza hospitali kipimo cha risasi kwa jina lake. Waulize hata kama watakuangalia vibaya.

Na wewe uko mwaka wa tatu, unatafuta mada ya mradi, najua uko hapa. Usianze na maji safi. Anza na supu.